Mtoto Asiyeweza Kutamka Neno "Baba"

Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 7, yatusimulia habari za mtu mmoja aliyeletwa mbele ya Bwana wetu Yezu Kristu katika nchi ya Dekapoli. Mtu huyo alikuwa kiziwi, na tena ulimi wake ulikuwa mzito, hata maneno yake hayakueleweka vema. Wale waliomleta walimsihi Bwana amwekee mkono. Yezu hakuuliza mtu huyu ni wa ukoo gani, wala ni nani aliyemroga, wala hakumwamuru aseme kwanza sala zake ndipo aponywe. Alimtwaa, akamtenga na makutano, akagusa masikio yake na ulimi wake, akatazama mbinguni, akaugua moyoni, akamfungua.

Tushike hapa mambo matatu. La kwanza: mtu asiyeweza kusema alihitaji wengine wa kumsemea, naye akawapata. La pili: Bwana alimtenga na watu, hakutaka taabu ya maskini yule iwe mchezo wa kutazamwa. La tatu: Bwana alipagusa mahali penyewe penye ugonjwa, hakuona haya wala kinyaa.

Mambo hayo matatu ndiyo mafundisho yetu ya leo. Maana hata sasa wako katikati yetu watoto ambao vinywa vyao vimefungwa, na mara nyingi sisi wakristu, badala ya kuwaleta kwa Yezu, twawazuia njiani.

MFANO

Tutoe mfano. Katika kijiji kimoja karibu na misioni alikuwako mtoto wa kiume wa miaka 10. Alikuwa amezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, ule ambao watu huuita mdomo wa sungura. Alipokuwa mchanga daktari aliushona vizuri, likabaki kovu dogo tu chini ya pua, na kila aliyemwona alisema: "Huyu amepona." Lakini ndani ya kinywa, mahali pasipoonekana, kaakaa lake lilikuwa limepasuka vilevile, na ufa huo haukuzibwa, maana mama yake alikufa upesi, na nyanya aliyemlea hakujua ya kwamba yapasa kurudi hospitalini mara ya pili.

Mtoto akaingia katika darasa la wale wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Siku moja mwalimu aliwasimamisha watoto mmoja mmoja ili wasali sala ya Bwana. Zamu yake ilipofika, mtoto alisimama, akafunga mikono, akafumba macho, akaanza. Lakini pumzi yake ilipotelea puani. Alitaka kusema "Baba", likatoka "Mama". Alitaka kusema "yetu", likatoka kama "yenu". Basi darasa zima likasikia maneno mawili ambayo watoto wa njiani huyatumia kwa kutukanana. Wenzake wakapasuka kwa kicheko. Mwalimu akakasirika, akadhani ya kwamba mtoto anafanya mzaha na sala takatifu, akampigisha magoti nje, juani, mpaka mafundisho yalipokwisha.

Tangu siku ile mtoto hakufungua kinywa chake tena darasani. Alipoulizwa ni nani aliyemwumba, alitazama chini. Alipoulizwa Ekaristi ni nini, alitazama chini. Mwalimu akaandika kando ya jina lake neno moja: "Hajui." Na majina ya watoto wa Komunyo yalipotangazwa, lake halikusomwa.

Jioni ile nyanya yake alikwenda nyumbani kwa mwalimu. Akabisha hodi, akaketi mkekani, akanena: "Mwalimu, unisamehe. Mimi ni mzee, sijui kusoma. Lakini kila usiku namsikia mjukuu wangu akisali gizani, tangu mwanzo hata mwisho, hakosi kitu. Mimi nafahamu kila neno lake. Ikiwa mimi namfahamu, je, Mungu aliyemfanyiza hamfahamu?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Kabla hatujasimulia alivyotenda, tufahamu kwanza ugonjwa wenyewe, ili nasi tusianguke katika kosa lake.

KWA NINI PUMZI HUPOTELEA PUANI

Kaakaa ni dari ya kinywa. Sehemu ya mbele ni ngumu, maana imefanyizwa kwa mfupa. Sehemu ya nyuma ni nyama laini, nayo hupanda na kushuka kama mlango kati ya kinywa na pua. Mtu anapotamka p, b, t, d, k, g, f, s au ch, mlango huo hujifunga, pumzi yote ikapita kinywani kwa nguvu. Anapotamka m, n, ny au ng', mlango hufunguka, na sauti ikapita puani.

Kila mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Watoto wabane pua kwa vidole na kusema "baba": neno litatoka bila shida. Kisha waseme "mama", pua ikiwa imebanwa bado: neno litakwama, nalo litasikika kama "baba". Basi kwa mtoto ambaye kaakaa lake limepasuka, mambo huwa kinyume: pua yake haifungiki kamwe, na kwa sababu hiyo "baba" lake husikika kama "mama". Hakosi kwa kutojua, wala hakosi kwa ukaidi. Anatafuta pumzi mdomoni, nayo imekwisha kutoka kwa mlango mwingine.

Watoto wengi wa namna hiyo, wakiona pumzi haiwatoshi kinywani, hujifunza kuikata chini kooni badala ya kuikata kwa midomo au kwa ulimi. Desturi hiyo ikikaa miaka mingi, huwa ngumu kuiacha hata baada ya ufa kuzibwa. Tena mirija midogo iendayo kutoka kooni mpaka masikioni haifunguki vizuri kwao. Maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto husikia kwa shida. Tazameni jinsi Injili ilivyotaja pamoja masikio na ulimi. Asiyesikia vema hujifunza kusema kwa taabu.

Lakini ufa wa kaakaa si ufa wa akili. Walio wengi kati ya watoto hawa wana akili nzima kama wenzao. Kumkemea mmoja wao ili aseme vizuri ni sawa na kumpa mtu ngoma iliyopasuka ngozi, kisha kumpiga kwa sababu ngoma hailii.

NI NANI ALIYETENDA DHAMBI?

Wanafunzi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Habari hiyo imo katika Injili ya Mtakatifu Yoane, sura ya 9. Bwana alijibu ya kwamba si yeye wala si wazazi wake. Bali kazi za Mungu zilipasa kuonekana kwake.

Hata hivi, swali lile la zamani lingali linaulizwa vijijini mwetu. Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, wengine husema mama alikula nyama ya sungura. Wengine husema alizini. Wengine humtafuta mchawi katika ukoo. Na mume mwingine huondoka nyumbani, akimwacha mke peke yake na mtoto. Mambo hayo ni uongo, na uongo huo huzaa dhambi: chuki, masingizio, talaka, na hata kumwacha mtoto afe kwa njaa.

Ukweli ndio huu. Mtoto akiwa tumboni, uso wake hufanyizwa kwa sehemu mbalimbali zinazokuja pande mbili na kuungana katikati. Mdomo huungana kati ya juma la 4 na la 7 la mimba, na kaakaa kati ya juma la 6 na la 9; mara nyingi mama hajajua bado kwa hakika ya kwamba ana mimba. Sehemu hizo zisipokutana, ufa hubaki. Wataalamu huhesabu ya kwamba katika watoto 700 hivi wanaozaliwa duniani, mmoja huwa na ufa wa namna hii, katika mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini. Pengine ni urithi wa damu; pengine kuna sababu nyingine zilizosaidia, kama moshi wa tumbaku, pombe, ugonjwa wa sukari, au dawa kadhaa za kifafa. Mama anayemeza dawa za kifafa asiziache kwa hofu, bali amwulize daktari. Mara nyingi hakuna awezaye kutaja sababu moja ya hakika. Basi wenye busara wamesaidie mama, wasimhukumu.

MAULIZO NA MAJIBU KWA WAZAZI NA WALIMU

Mtoto huyu atanyonyaje?
Mwenye ufa wa mdomo tu aweza mara nyingi kunyonya mwenyewe. Mwenye ufa wa kaakaa hawezi kuvuta vizuri, na maziwa humtokea puani. Mama akamue maziwa yake, amnyweshe kwa kijiko au kikombe kidogo kilicho safi, mtoto akiwa ameinuliwa, asilale chali. Ampe kidogo kidogo, na kumpumzisha ili acheue. Ampeleke mara kwa mara kupimwa uzito. Wengi wa watoto hawa wanaokufa hawafi kwa ufa wenyewe. Hufa kwa njaa na kwa magonjwa yanayoifuata.

Ufa hutibiwaje?
Hutibiwa kwa kupasuliwa na kushonwa hospitalini. Mdomo hushonwa kwa kawaida katika mwaka wa kwanza, mara nyingi tangu miezi 3 mpaka 6, mtoto akiwa na uzito na damu ya kutosha. Kaakaa hushonwa baadaye, na ni vema lishonwe kabla ya miezi 18, kabla mtoto hajazoea kusema vibaya. Kwa hiyo mzazi asifurahie mdomo uliofungwa na kusahau kaakaa. Kila mtoto aliyezaliwa na ufa, daktari au sista mwuguzi atazame kinywani mwake kwa taa mpaka nyuma kabisa.

Je, aliyechelewa hana tumaini?
Analo. Hata mtu mzima aweza kushonwa, naye hula na kunywa vizuri zaidi, wala hafichi uso wake tena. Lakini usemi wake utahitaji saburi, maana desturi za miaka mingi haziondoki kwa siku moja.

Na fedha zitatoka wapi?
Yako mashirika yanayosaidia watoto hawa washonwe bila malipo katika nchi nyingi maskini, kama Operation Smile, iliyoanzishwa mwaka 1982, na Smile Train, iliyoanzishwa mwaka 1999. Wazazi waulize katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Na wakristu wa jumuiya wasaidie nauli na chakula cha njiani. Hiyo nayo ni sala.

Baada ya kushonwa mtoto atasema vizuri mara moja?
Wengine husema vizuri wakiwa wadogo. Wengine huhitaji kufundishwa. Wafundishwe kwa utaratibu, sauti moja baada ya nyingine: kwanza waisikie, kisha waitamke peke yake, kisha katika neno, kisha katika maneno mengi. Kupuliza filimbi au kutafuna vitu vigumu hakufundishi kusema. Kusema hufundishwa kwa kusema. Na mtoto asilazimishwe kurudia mbele ya watu wanaomcheka.

Je, asiyeweza kutamka sala anyimwe Komunyo?
La, hasha. Mtakatifu Papa Pius wa 10, katika amri ya tarehe 8 Agosti 1910, alifundisha ya kwamba ili mtoto apokee Komunyo ya kwanza si lazima ajue mafundisho yote kikamilifu. Yatosha afahamu, kwa kadiri ya umri wake, mafumbo ya lazima, na kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 913, yadai matayarisho mema na ufahamu kwa kadiri ya uwezo wa mtoto. Haidai ulimi mwepesi. Mwalimu apima imani, hapimi midomo. Aweza kumwuliza mtoto kwa maswali ya ndiyo na siyo, kwa picha, kwa kibao na chaki, au kwa msaada wa ndugu anayemzoea. Hata katika maungamo, kanuni ya 990 yaruhusu kutumia mkalimani, naye mkalimani amefungwa kutunza siri.

MTU WA MUNGU ALIYESEMA KWA SHIDA

Wasomaji wajue pia ya kwamba Kanisa limepata walimu wakuu kutoka kwa watu ambao ndimi zao zilikuwa nzito. Musa mwenyewe alimwambia Mungu ya kwamba hajui kusema, na Mungu akamkumbusha ni nani aliyempa mwanadamu kinywa; tena akampa Haruni ndugu yake awe msemaji wake.

Na mwaka 1013, katika nchi iitwayo leo Ujerumani, alizaliwa mtoto wa ukoo mkubwa jina lake Hermann. Viungo vyake vilikuwa vimelegea, hakuweza kwenda peke yake, na maneno yake yalisikika kwa shida, hata waliomsikiliza walitaabika kumfahamu. Hatusemi ya kwamba alikuwa na ufa wa kaakaa. Lakini taabu ya kutoeleweka aliijua. Mwaka 1020, akiwa na miaka 7, wazazi wake walimkabidhi kwa wamonaki ili wamfundishe. Wamonaki hawakuandika kando ya jina lake "Hajui." Walimfundisha. Naye akawa mmonaki wa Reichenau, mwalimu mpendwa, mwenye kujua hesabu na nyota, mwandishi wa historia na mtunzi wa nyimbo za Kanisa. Tangu zamani wengi wamesema ya kwamba hata wimbo wa Salve Regina aliutunga yeye, ingawa wataalamu wa leo hawapatani juu ya neno hilo. Alifariki mwaka 1054, na mwaka 1863 Kanisa lilithibitisha heshima anayopewa kama mwenye heri.

Tufikiri: kama mwalimu wake wa kwanza angalimcheka, Kanisa lingalipoteza kiasi gani?

MWISHO WA MFANO

Tumrudie sasa yule mwalimu wa kijijini. Usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake alimwita mtoto kando, mbali na wenzake, chini ya mwembe. Akamwomba afungue kinywa na kugeuka penye mwanga wa jua. Akaona ufa mrefu katikati ya kaakaa. Ndipo akakumbuka siku ile ya magoti na jua, moyo ukamchoma. Akampa mtoto kibao na chaki, akamwuliza maswali ya katekisimu moja moja. Mtoto akajibu kwa kuandika, polepole, herufi zikipinda. Naye hakukosa hata moja. Alipoulizwa ni nani aliye katika Ekaristi, aliandika: "Yezu mwenyewe." Kisha, pasipo kuulizwa, akaongeza chini yake: "Sikutukana."

Mwalimu alikifuta kibao kile kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya mafundisho iliyofuata, alisimama mbele ya darasa zima, akawaambia watoto wabane pua zao na kuseme "mama". Walipokwisha kucheka kwa sauti zao wenyewe, aliwaeleza sababu. Tena akasema wazi ya kwamba mkosaji alikuwa yeye, wala si mwenzao, akamwomba mtoto radhi. Wako watu wanaodhani ya kwamba mwalimu akiomba radhi heshima yake hupungua. Watoto wale hawakumdharau. Walinyamaza kimya, na tangu siku ile hakuna aliyecheka tena. Kisha mwalimu na nyanya walikwenda kwa padri. Padri akamwuliza mtoto kwa kibao, akatia jina lake katika orodha. Na jumuiya ikaanza kuchanga nauli ya hospitali.

Siku ya Komunyo ilifika kabla ya safari ya hospitali. Ufa ulikuwapo bado. Mtoto alikuwa vilevile. Aliogopa, maana alijua ya kwamba padri akimwonyesha Mwili wa Kristu yampasa kujibu kwa sauti, na kanisa lote litasikia. Lakini lile neno la kujibu ni "Amina". Tazameni herufi zake: mna m na n, ambazo hupita puani kwa watu wote, na irabu hazidai pumzi ya nguvu. Hamna b, wala t, wala k. Mtoto akasema: "Amina." Sauti yake ilipita puani kidogo, lakini neno lilieleweka, na nyanya yake nyuma kanisani alilisikia.

Wasomaji wapenzi, si kila siku tutapata neno jepesi kama hilo. Yako maneno mengi magumu ambayo mtoto wa namna hii atayatafuta maisha yake yote, na mengine hatayatamka sawasawa hata akishonwa. Basi wajibu wetu umebaki. Mwenye kumjua mtoto aliyefichwa nyumbani, amlete kwa daktari. Mwenye kufundisha, amtenge kando na kumsikiliza kwa saburi. Mwenye kucheka, anyamaze. Na tukishindwa kumfahamu, tusiseme "Hajui", bali tuseme "Sijasikia vema, mwanangu, nirudilie."

SALA

Ee Yezu, uliyeugusa ulimi mzito wala hukuona kinyaa, utufungue masikio sisi tunaosikia upesi ubaya na kuchelewa kusikia wema. Uwape wazazi matumaini, waganga mikono myepesi, walimu saburi, na watoto wenye vinywa vilivyopasuka furaha ya kujua ya kwamba Baba wa mbinguni anawasikia, hata wanapomwita kwa sauti ambayo wanadamu hawaielewi. Amina.